Kasongo: mapipa matatu ya akina mama wahami wa vita

Tangu kikao cha mtaa cha juma lililopita simu yangu haijapumzika. Wengine wananiandikia kutoka hapa mjini, wengine kutoka Salamabila na Kabambare, hata jamaa waliofika mbali, Kindu na Kalemie. Wote wanauliza jambo moja: ni kweli nyumba ndogo za pombe ya kienyeji zitafungwa? Na wale akina mama wanaouza humo, wengi wao wahami wa vita, wataelekea wapi?

Kikao hakikukata neno. Wakubwa wa mtaa walisema watatoa jibu mwisho wa mwezi. Redioni nilipewa dakika tatu kueleza pande zote mbili, na dakika tatu hazikutosha. Kwa hiyo siku ya Jumamosi nilikwenda katika moja ya nyumba hizo, nikakaa tangu saa saba mchana mpaka walipofunga. Nilionja, nikauliza, nikasikiliza. Sitaandika jina la mtaa wala majina ya watu, kwa sababu wako wenye kukimbia watu wa bunduki, na kila mmoja wetu anajua simu inavyofika mbali.

Niseme kwanza nyumba yenyewe ikoje. Wengine wakisikia neno nganda wanafikiri muziki wa kupasua masikio, taa za rangi na wasichana mlangoni. Hapa hakuna umeme, kwa hiyo hakuna friji wala spika. Ni kiwanja cha nyuma cha nyumba ya matofali ya udongo, chini ya mwembe mzee. Kuna benchi mbili za mbao, viti vitatu vya mianzi, na madumu ya manjano yaliyopinduliwa ili watu wakalie. Watu kumi na watano wakikaa, wa kumi na sita anasimama. Kando ya ukuta yamepangwa mapipa matatu ya plastiki yenye mifuniko, kila moja na kata yake. Mtoto wa kike anaosha makopo katika beseni mbili: moja ya sabuni, moja ya maji safi.

Mwenye kiwanja ni mama mjane wa hapa Kasongo. Vita ilipozidi upande wa mashariki, alipokea jamaa mbili kutoka teritwari ya Kabambare. Hapa kwetu hatuna kambi zile zenye mahema meupe mlizokuwa mkiziona katika picha za Goma. Mhami anaingia katika nyumba ya mtu, wanagawana chumba, sufuria na chumvi. Miezi ikipita, chumvi inaisha kwa wote wawili. Hapo ndipo mapipa yalipoanzia.

Pipa la kwanza ni la mama mwenyewe, na ndani yake mna malofu, mvinyo wa mchikichi tunaoujua sote. Shemeji yake ndiye mgema. Anapanda kabla ya jua, analeta bidoni mbili saa moja asubuhi. Malofu ina saa yake. Asubuhi ni tamu kama maji ya sukari na inatoa povu jepesi. Chachu iko hewani na ndani ya kibuyu chenyewe, kwa hiyo hakuna mtu anayetia kitu. Saa sita utamu umepungua na ukali umeingia. Jioni inasimama kichwani. Kesho yake imekuwa siki, haina mnunuzi. Mimi nilionja ya saa nane: ilikuwa katikati, bado tamu kidogo mwanzoni, kisha inauma ulimi.

Nilimwuliza shemeji kama anakata miti. Alikasirika kidogo. Kuna namna mbili za kugema: kupanda juu na kutoboa mahali maua yanapotokea, au kuangusha mti mzima na kukamua kichwa chake kwa majuma kadhaa. Ya pili haina hatari ya kuanguka, na inatoa nyingi kwa haraka. Lakini mti ulioangushwa hautatoa tena ngazi, na bila ngazi hakuna mawese. Alisema: "Mwandishi, mti huu ulipandwa na baba yangu. Nikiuangusha leo, mtoto atakaanga samaki na nini?"

Pipa la pili ni la mama aliyetoka karibu na mpaka wa Fizi. Kwao ni nchi ya migomba, na kinywaji chake ni kasikisi. Alinionyesha shimo lake nyuma ya choo cha zamani kilichofukiwa... hapana, msicheke, ni mbali na choo, na amelizungushia miti. Ndani anatandika majani ya mgomba yaliyopashwa moto, anapanga ndizi, anafunika tena kwa majani na udongo. Siku nne au tano joto linaivisha zote mara moja. Kisha anamenya, anakanda ndizi pamoja na nyasi kavu mpaka maji yatoke, anachuja. Maji hayo ya kwanza kwao wanaita mutobe, hayana ulevi, na watoto wake hupata kikombe chao kabla ya kazi kuendelea. Baadaye anatia unga wa nafaka iliyokaangwa, anafunika, anangoja siku mbili mpaka tatu.

Kwao unga huo ni wa mtama. Huku kwetu mtama ni shida kuupata, kwa hiyo anatia mahindi. Anasema ndiyo sababu kasikisi yake ya Kasongo haina rangi ile ya udongo mwekundu, na wanywaji wa kwao wanamsumbua kila siku: "Mama, hii si yenyewe." Anawajibu: "Hata ninyi si wenyewe. Kunyweni tu." Benchi yote inacheka, na yeye anacheka nao. Mimi nilipoinywa niliona nzito, yenye harufu ya ndizi iliyoiva sana na uchungu kidogo mwishoni kama ganda la mahindi yaliyoungua. Nilimaliza kopo.

Pipa la tatu ni munkoyo, kinywaji cha watu wa Katanga. Anayekitengeneza alikimbia kutoka Salamabila, lakini alikulia kusini, upande wa Kongolo. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe kiasi, anatia mizizi ya munkoyo aliyoiponda. Mizizi hiyo inafanya kazi ya ajabu: uji mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi na mtamu. Ukiunywa kesho yake ni kama chakula, hauna ulevi wa kutaja. Ukiuacha siku mbili, tatu, unachachuka. Mizizi mikavu analetewa na wenye baiskeli. Wanaonunua munkoyo zaidi ni wapita njia, wasukuma baiskeli na motari, kwa sababu unashibisha na mtu anaendelea na safari akiwa na akili zake.

Basi ukitaka kujua nani amekimbilia Kasongo na kutoka wapi, huna haja ya orodha ya shirika lolote. Nenda ukaangalie mapipa.

Sasa tuzungumze kuhusu fedha, maana hapo ndipo penye swali. Kopo moja, la kinywaji chochote kati ya hivyo vitatu, ni franka 500. Chupa ya Primus katika duka la barabara kuu inakula makopo mengi ya namna hiyo, na mara nyingi haipatikani kabisa. Primus ni bia ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1923 wakati mji ukiitwa Léopoldville. Kwa sisi watu wa mashariki, kiwanda cha karibu kilikuwa Bukavu. M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na mwezi wa Juni mwaka huohuo Heineken, wakati huo wenye Bralima, walitangaza kwamba hawana tena mamlaka juu ya majengo yao ya Goma na Bukavu. Chupa inayofika Kasongo leo imezunguka njia ndefu, na kila kilima imeongezewa bei.

Mapipa haya matatu hayahitaji kiwanda wala lori. Mchikichi uko hapa, ndizi ziko hapa, mahindi yako hapa. Fedha inayolipwa haiondoki mtaani: mgema anapata, mwenye shamba la ndizi anapata, mwanamke wa kuuza kuni anapata, mama wa karanga na samaki mkavu anayekaa mlangoni anapata. Akina mama watatu wana likelemba yao. Kila Jumapili kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anachukua chote. Shule ya msingi ni bila malipo tangu 2019, ni kweli, lakini daftari si bure, nguo ya shule si bure, na mtoto wa sekondari bado analipiwa. Yule wa munkoyo ana binti katika mwaka wa nne wa sekondari. Aliniambia bila kujisifu kwamba zamu yake ya mwezi uliopita iliingia yote shuleni.

Nilimwuliza kwa nini pombe, kwa nini si kulima. Alinitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto. "Shamba la nani, mwanangu? Hapa ninaazima hata jembe. Yangu yote yalibaki. Hii kazi nimetoka nayo kichwani."

Tukumbushane kidogo, kwa ndugu zetu wadogo wasiojua. Salamabila ilikuwa mahali pa watu kwenda kutafuta kazi, si kukimbia. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, wa kampuni ya Banro, ulivuta watu kutoka kila upande. Mashambulizi ya Mai-Mai Malaika yalizidi, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Mfanyakazi aliyepoteza mshahara ndiye aliyekuwa akinunua mchele, samaki, ndizi na kasikisi ya hao mama. Vita inafukuza watu mara mbili: kwanza inaondoa mnunuzi, kisha inaondoa muuzaji.

Lakini sikwenda pale kuimba sifa. Wanaotaka nyumba hizi zifungwe wana sababu, na nyingine ni nzito.

Kasongo ni mmoja wa miji ya nchi yetu yenye Waislamu wengi zaidi, tangu enzi za Tippu Tip na misafara ya pembe na watumwa. Kwa jirani yangu anayeswali, pombe ni haramu, iwe ya kiwanda au ya mgomba, na hana wajibu wa kuipenda kwa sababu imetengenezwa na mhami. Nilizungumza na mzee mmoja Mwislamu ambaye nyumba yake inapakana na kiwanja. Alisema: "Mimi sikunywa, sitakunywa, na watoto wangu nawakataza. Lakini huyo mama aliyefika na watoto wanne, nilimpa mimi mkeka wa kwanza. Sitamtoa. Ninachoomba, adhana isikike, na mtu asikojolee ukuta wangu." Walipatana bila polisi wala karatasi. Nyumba inafunga saa kumi na moja jioni, kabla ya Magharibi. Ijumaa haifunguliwi mpaka watu wamekwisha toka msikitini. Na shimo la choo lilichimbwa upande wa pili, mbali na ukuta wa mzee. Nilipokuwa pale, saa kumi na moja kasoro dakika chache, kata zilikwisha fungiwa ndani. Mlevi mmoja aliomba la mwisho, akaambiwa arudi kesho.

Sababu ya pili ni nafaka. Katika miezi ya njaa, mahindi yanayoingia pipani ni mahindi yasiyoingia chunguni. Hilo ni kweli kwa munkoyo, na ni kweli kidogo kwa kasikisi. Akina mama wanajibu kwamba bei ya mahindi ikipanda wanapunguza kupika, maana hasara ni yao. Jibu hilo ni zuri, ila mimi ningependa liwe sharti linalojulikana na wote, si busara ya mtu mmoja mmoja.

Sababu ya tatu ni lutuku, na hapa nawaomba msome polepole.

Malofu, kasikisi na munkoyo vinachachuka tu. Lutuku inachemshwa: muhogo au mahindi yaliyochachuka yanatiwa katika pipa la chuma juu ya moto, mvuke unapita katika bomba lililopoeshwa kwa maji, na kinachodondoka ni moto wa kunywa. Kinywaji hicho kinaweza kubeba sumu ambayo haina rangi wala ladha ya kukuonya. Inaweza kupofusha macho, inaweza kuua. Ndiyo maana katika kikao cha mtaa kila aliyesimama kulalamika alizungumza kuhusu lutuku: mume anayepiga, kijana anayelala mferejini, mpiganaji anayekunywa na bunduki mapajani. Lakini hatua iliyopendekezwa ilikuwa kufunga nyumba zote, bila kutenganisha.

Kuchanganya huku si kwa leo. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels kuzungumza namna ya kukomesha biashara ya watumwa, biashara iliyokuwa na moja ya makao yake makubwa hapahapa Kasongo. Katika mkataba huohuo waliweka sura nzima kuhusu vinywaji vikali katika Afrika. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1893, askari wa Dhanis waliuteka Kasongo. Mwaka 1919 mkataba mwingine, wa Saint-Germain-en-Laye, ulikataza kuchemsha pombe kali katika makoloni yetu. Zaidi ya miaka mia imepita, na lutuku bado inachemshwa porini usiku, mahali ambapo hakuna jirani wa kumwona mpishi.

Kwa hiyo nina hofu yangu, na ninaiandika wazi kabla wakubwa hawajatoa jibu. Tukifunga nyumba inayouza mchana, mbele ya majirani, katika makopo yaliyooshwa, wanywaji hawataenda kuswali wala kulima. Wataenda porini kwa lutuku. Na mama aliyekuwa na pipa la munkoyo atafuata wanywaji, kwa sababu lutuku haichachi baada ya siku moja na inalipa zaidi. Tutakuwa tumefunga mlango ambao tunauona na kufungua ule ambao hatuuoni.

Katika nyumba niliyotembelea, lutuku hairuhusiwi, hata ukija nayo mfukoni. Bunduki haiingii, na hapo mama mwenye kiwanja hana mzaha. Aliniambia jinsi alivyomzuia mwanaume mmoja mwenye silaha: alimletea kiti nje, barabarani, akampa maji, akakaa naye mpaka alipochoka na kuondoka. Mtoto haagizwi kuchukua kopo. Mwenye deni la makopo matano hapewi la sita. Masharti hayo manne yako kichwani mwao tu. Ningependa mtaa uyaandike, uyaweke muhuri, uyape nyumba zote, na nyumba isiyoyafuata ndiyo ifungwe.

Kuna jambo moja la mwisho lililonifanya nikae mpaka jioni. Saa tisa waliingia wasukuma baiskeli wawili kutoka njia ya Salamabila, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hawajapata kopo, watu waliwazunguka. Kijiji fulani bado kina watu? Mpunga umevunwa au umeliwa na nyani? Vizuizi ni vingapi, na wanadai kiasi gani? Baba mmoja aliyekaa pembeni siku zote bila kusema aliuliza habari za mdogo wake, fundi wa pikipiki. Msukuma baiskeli akasema amemwona, kwa macho yake, majuma mawili yaliyopita, ana mguu mbaya lakini anatembea. Yule baba hakusema neno. Alinunua kopo, akampa msukuma baiskeli, mwenyewe akabaki bila.

Mama wa kasikisi ana sheria yake kuhusu habari, na kwa kazi yangu niliisikia kwa furaha. Mtu akianza kusimulia, anamkatiza: "Umeona au umesikia?" Akisema amesikia, anamwambia ataje alisikia kwa nani. Msikilizaji mpendwa uliye mhami, chukua sheria hiyo. Mara ngapi jamaa wamefunga mizigo kwa sababu mtu alisema njia iko wazi, wakarudi siku ya tatu bila mizigo? Kama umeambiwa kijiji chako kimetulia, uliza swali la mama huyo kwanza. Kisha tupigie simu redioni, tutatafuta mtu wa pili na wa tatu aliyeona.

Kwa wanywaji: malofu ya leo inywewe leo, kopo lioshwe mbele yako, na kitu kinachowaka ukikiwashia kiberiti kiacheni. Kwa wakubwa wa mtaa: kabla ya mwisho wa mwezi, njooni mkae chini ya mwembe saa moja, mchana, bila kutangaza. Munkoyo haulevyi, naweza kuwanunulia.

Jibu likitoka nitawaletea siku hiyohiyo, hewani na hapa. Kutoka Kasongo, ni mimi mwandishi wenu. Mubaki salama.